Mama Kuku Wawili

Siku niliyoolewa, mama mkwe wangu alileta sahani mbili meza kuu kwa mikono yake mwenyewe. Ya mwanawe ilikuwa na kuku. Ya kwangu ilikuwa na samaki. Ukumbi mzima ulikuwa unakula kuku, hata wale ambao hakuna aliyewaalika, na mimi bibi harusi nimewekewa samaki peke yangu kama mgonjwa aliyepangiwa chakula na daktari. Shangazi zangu wakaangaliana. Yule mkubwa, ambaye ulimi wake haujawahi kulala njaa, akasema kwa sauti ya kusikika mpaka mlangoni, "Haya, ubaguzi umeanza hata keki haijakatwa."

Mama mkwe hakutahayari hata kidogo. Aliniinamia sikioni akaniambia, "Mwanangu, usinielewe vibaya. Kuanzia leo nyumba hii ina marubani wawili. Na marubani hawali chakula kimoja."

Nilidhani ananitania. Nilikuja kujua baadaye kwamba mama yule hakuwa na utani kabisa kwenye mambo ya chakula.

Alikuwa anafanya kazi katika jiko linalopika chakula cha ndege, jengo refu lisilo na madirisha nyuma ya uwanja wa ndege, upande ambao abiria hawauoni. Aliingia pale kuosha vyombo mume wake alipofariki, mume wangu akiwa bado mtoto wa chekechea. Akaosha masufuria makubwa ya kuingia mtu mzima mpaka kucha zikalainika, akapanda kukata mboga, akapanda kupanga trei, na nilipoingia katika familia ile alikuwa ndiye msimamizi wa meza ya trei. Meza yenyewe ni ndefu, wanawake wamejipanga pande zote mbili na kofia zao za nyavu na glavu, kila mmoja na kitu chake: huyu mkate, huyu siagi, huyu kijiko na uma. Trei inasukumwa mkono kwa mkono, na mwisho wa meza amesimama yeye. Kisichompendeza kinarudi kilikotoka. Kinachompendeza anakifunika kwa karatasi ya foili, anakunja pembe kwa kidole gumba, anakipitisha. Wenzake walimwita Mama Foili, na hawakumwonea. Nyumbani kwetu kiporo kilifunikwa foili, rimoti ya televisheni ilifunikwa foili, na siku moja nilikuta kipande cha sabuni bafuni kimevalishwa vizuri kama zawadi.

Lakini fahari yake ilikuwa trei mbili za marubani. Hizo hakuna aliyezigusa ila yeye. Rubani mkuu na rubani msaidizi hawapewi chakula cha aina moja, ndiyo sheria ya jiko, kwa sababu chakula kikiwa na kasoro kimwangushe mmoja tu, mwingine abaki na akili zake awashushe watu salama. Alinieleza jambo hilo mara nyingi kuliko mume wangu alivyoniambia ananipenda. "Watu wamejaa kule nyuma wanatazama filamu," alikuwa akisema, "hawajui kwamba kuna mwanamke huku chini amewawekea akiba."

Ndege ikipita juu ya nyumba yetu alisimama, hata kama ana ndoo mkononi, akainua kidevu. "Hao wamekula kwangu." Mume wangu, ambaye ni fundi friji na mtu wa maneno ya kuhesabu, alimwambia siku moja, "Mama, hiyo ni ndege ya mizigo." Akamjibu, "Na mizigo inajiendesha?"

Sasa nifike kwenye siku yenyewe.

Ilikuwa ndege ya jioni, ya safari ndefu juu ya bahari. Mtu fulani alikuwa ameacha mlango wa chumba baridi haujafungwa sawasawa, na samaki waliotengwa kwa ajili ya marubani wakapoteza ubaridi. Mama akawabonyeza kwa kidole, akawanusa, akasema, "Hawa hawapandi." Akawamwaga wote kwenye pipa. Alikuwa na haki ya kuwamwaga, na hata meneja wa jiko hakubisha. Tatizo likawa kwamba mayai na jibini, ambavyo ndivyo huokoa jahazi siku kama hizo, vilikuwa chumba kile kile. Kilichobaki cha kuaminika kilikuwa kuku, aliyekuwa ndiyo kwanza ameepuliwa jikoni. Gari la kupeleka chakula limeshawashwa, dereva anapiga honi. Meneja akaangalia saa akasema, "Mama, weka kuku kote kuwili. Ndege haisubiri samaki."

Akaweka. Aliniambia kwamba foili ya trei ya pili ilimkatalia, ikachanika, akaibandua akaweka nyingine. Jioni ile alirudi nyumbani akakaa mezani bila kugusa chakula. "Leo nimevunja sheria," akasema. Mume wangu alipoelewa ni sheria gani akacheka, nami nikacheka, maana kuku ni kuku. Yeye hakucheka.

Asubuhi redio ikatangaza kwamba ndege haijafika.

Wala haikufika. Rubani aliongea na mnara wa kuongozea ndege kama kawaida, akaaga kwa adabu, kisha ile nukta yao kwenye rada ikatoweka. Hakukuwa na sauti ya kuomba msaada. Meli zilitumwa, ndege zilitumwa, wapiga mbizi walitumwa, na bahari haikurudisha hata mto wa kiti. Ndege nzima, na watu wake, na mabegi yao, na vikombe vyao vya chai. Mpaka leo ninavyosimulia, hakuna mtu anayejua ilikwenda wapi.

Pale ambapo hakuna anayejua, kila mtu anajua. Kinyozi wa mtaani kwetu peke yake aliiteka ndege ile mara kadhaa kwa wiki, kila kichwa alichokinyoa akakipa watekaji wapya. Wengine walimsingizia rubani msaidizi, kijana wa watu, wakasema alikuwa na majonzi ya mapenzi akaamua kuondoka na kila mtu. Kisha likaja hili: marubani walilishwa kitu kibaya. Hilo lilipoingia kwenye redio, mama mkwe alikuwa anakunja nguo. Aliendelea kukunja. Shati moja la mume wangu alilikunja na kulikunjua mpaka nikamnyang'anya.

Ikaundwa tume ya uchunguzi, na wafanyakazi wa jiko wakaitwa kuhojiwa hadharani. Siku chache kabla, meneja akaja nyumbani. Sitaki kumpaka matope, hakuwa mtu mbaya. Alivua viatu mlangoni, akamsalimia mama shikamoo, akanywa chai yote. Kisha akasema alilokuja kusema.

"Mama, watakuuliza marubani walikula nini. Sema kuku na samaki, kama siku zote. Basi."

"Lakini haikuwa kama siku zote."

"Mimi najua, wewe unajua. Nani mwingine? Trei zenyewe hazipo. Marubani wenyewe hawapo."

"Ndiyo maana," mama akasema. "Wangekuwepo wangejisemea."

Meneja akapangusa uso. "Fikiria wenzako. Jiko likifungwa, akina mama wangapi watakosa ugali wa watoto? Na wewe mwenyewe, watu watasema umeua ndege. Utaweza kutembea barabarani?"

Hapo mimi niliingilia, na siombi radhi, maana niliogopa. Nilimwambia mama amsikilize meneja. Nilisema tuna mtoto njiani, nilisema watu hawana huruma, nilisema hakuna atakayemshukuru. Mume wangu alitazama sakafu. Mama alinisikiliza mpaka nikaishiwa, kisha akamgeukia meneja.

"Mimi sijui kama kuku yule alikuwa na kosa. Mkono wangu unaniambia hakuwa na kosa, lakini mkono si daktari. Wale watu wanatafuta ndugu zao. Nikiwapa njia ya uongo hata moja, watapotea zaidi."

Meneja akavaa viatu vyake bila kufunga kamba.

Ukumbi ulikuwa umejaa. Mstari wa mbele walikaa jamaa za waliopotea, wengi wameshika picha mapajani. Mbele yao meza yenye kitambaa cha kijani, na nyuma yake wajumbe wa tume. Mmoja mmoja wakapita wakubwa wa kila idara. Wa mafuta akasema, "Kwa upande wetu kila kitu kilikuwa sawa." Wa mitambo akasema, "Kwa upande wetu kila kitu kilikuwa sawa." Wa mizigo, wa mnara, wa ulinzi, wote kwao kulikuwa sawasawa. Nilikuwa nimekaa nyuma na tumbo langu, nikajiuliza ndege iliyokuwa sawa kila upande namna ile ilipotelea upande gani.

Mama aliitwa mwisho, nadhani kwa kuwa watu wa jiko huwekwa mwisho kila mahali. Alikuwa amevaa koti lake jeupe la kazini, limepigwa pasi mpaka mikono inasimama yenyewe. Hakuketi kwenye kiti alichoonyeshwa. Akashika ukingo wa meza kwa mikono miwili, kama anavyoshika meza ya trei.

"Kwa upande wa jiko," akasema, "si kila kitu kilikuwa sawa."

Jamaa wa mstari wa mbele wakainua macho kutoka kwenye picha zao.

Akaeleza mlango wa chumba baridi. Akaeleza samaki. Akasema nani alimwaga, ni yeye. Nani aliweka kuku wawili, ni yeye. Mwenyekiti wa tume akamuuliza kama aliamriwa, na nikamwona meneja kule pembeni amefumba macho. Mama akasema, "Niliambiwa, lakini mkono ulikuwa wangu. Ningeweza kukataa ndege ikachelewa. Sikukataa." Mwenyekiti akamuuliza kama anajua uzito wa maneno yake. Akajibu, "Najua, mheshimiwa. Ndiyo maana nimesimama."

Nilisimama na mimi. Sijui kwa nini, hakuna aliyeniita, na mtu wa nyuma yangu akanivuta gauni nikae. Nilikataa kukaa. Yule aliyeninyima kuku siku ya harusi yangu alikuwa amesimama mbele ya dunia nzima na koti lake jeupe, na nilitaka kila mtu ajue kwamba ni mama mkwe wangu.

Fujo iliyofuata sina haja ya kuipamba. Watu walipiga kelele, mwanamume mmoja akarusha kiatu kikampata karani, askari wakamtoa mama kwa mlango wa nyuma. Jiko likafungwa. Kule jikoni wana utaratibu wa kubakisha sahani moja ya kila chakula kinachopanda ndege, wanaiweka kwenye friji kwa ajili ya shida kama hizo. Ile sahani ya kuku ikapelekwa maabara, ikapimwa na kupimwa tena, ikaonekana safi kabisa. Tume ikaandika kwamba chakula hakikuhusika na kwamba chanzo cha ndege kupotea hakijulikani. Jiko likafunguliwa. Wenzake wote wakarudi mezani. Yeye akarudishwa kuosha masufuria.

Maabara inasafisha kuku, haisafishi midomo ya watu. Magazeti yalikuwa yameshaandika "Kuku wawili" kwa herufi kubwa, na jina likamganda. Mama Foili akafa siku hiyo, akazaliwa Mama Kuku Wawili. Waliliita dukani, waliliita kituoni, wengine kwa kejeli, wengine kwa sababu ndilo jina walilolikuta. Muuza kuku wa sokoni, mtu mzima na ndevu zake, alimwambia, "Mama, leo tukufungie mmoja, au wawili kama kawaida?" Mimi nilikuwa nimeshavua kiatu. Mama akanishika mkono, akamwambia, "Wawili. Na mzani wako uwe mkweli kama mimi." Akalipa, akaondoka zake polepole, kikapu begani.

Nilimgombeza njiani. Nilimuuliza kwa nini anaitika jina lile. Akasema, "Nilifanya. Ningekataa kuitika ingekuwa nimesema uongo kwa mara ya kwanza."

Alikwenda kazini kila siku mpaka alipostaafu. Masufuria yake yalikuwa yanang'aa kiasi kwamba wapishi vijana walijitazamia humo. Hakuwahi kurudishwa kwenye meza ya trei, hakuwahi kuomba. Ila ndege ikipita alikuwa hainui kidevu tena. Alikuwa anatazama chini mpaka mlio uishe. Hilo ndilo liliniuma kuliko yote, kuliko muuza kuku, kuliko magazeti. Nilijua anachojiuliza, kwa sababu na mimi nilijiuliza, na siku moja tukiwa tunamenya viazi alikitoa mwenyewe mdomoni: "Hivi yale maneno yangu yalimfaa mtu? Ndege haikupatikana. Wenzangu walilala njaa jiko lilipofungwa. Labda ulikuwa na haki, mwanangu. Labda ningenyamaza." Nilimwambia amenye viazi, macho yangu yakiwa yamejaa maji, nikasingizia vitunguu ambavyo hatukuwa navyo.

Mwaka jana, mchana mmoja, nikasikia hodi. Nilifungua mlango nikakuta mama mmoja wa makamo ya mama mkwe wangu, amevaa vizuri, mkoba ameukumbatia kwa mikono yote miwili.

"Hapa ndipo kwa Mama Kuku Wawili?"

Tulikuwa tumeshazoea wageni wa namna hiyo, wanaokuja kumwaga nyongo zao. Nikaziba mlango kwa mwili wangu, na mwili siku hizi ninao. "Nani anamuuliza?"

"Mimi ni mama yake rubani msaidizi."

Kutoka sebuleni mama akasema, "Mpishe mgeni, mwanangu."

Akaingia, akakaa kwenye ncha ya kochi. Mama alikuwa amesimama, mikono ameishusha, kama mtu anayengoja hukumu. Nilitaka kwenda kuchemsha chai, nikashindwa kutoka.

"Nilikuwepo ukumbini siku ile," mgeni akasema. "Mstari wa mbele, na picha ya mwanangu. Nimechelewa kuja. Unisamehe, ndugu yangu. Nilikuwa namsubiri. Mpaka mwaka huu nilikuwa namsubiri."

"Nakusikia, mama," mama mkwe akasema kwa sauti ndogo. "Kama umekuja kuniuliza, niulize. Nitakujibu."

"Sikuja kuuliza. Nimekuja kukwambia kitu." Akafungua mkoba, akaufunga tena bila kutoa kitu. "Mwanangu hali samaki. Tangu mdogo. Harufu tu ilimkimbiza mezani, nilimchapa, nikambembeleza, wapi. Sasa kule kazini kwao mkubwa ndiye anachagua kwanza. Na wakubwa wote, sijui wamelogwa na nani, wanachagua kuku. Yeye mdogo anabakiwa na samaki. Basi kila safari anarudi kwangu, hata kofia hajavua, anafunua masufuria, anakula amesimama. Ananiambia, mama, nimevuka bahari na mkate na siagi."

Mama mkwe akakaa chini taratibu.

"Ndege ilipopotea," mgeni akaendelea, "watu walimsema mwanangu maneno ambayo sitayarudia kwenye nyumba ya watu. Lakini usiku mimi sikuwa nawaza maneno yao. Nilikuwa nawaza, popote alipo, ana njaa. Mtu mzima, rubani, na mimi mama yake akili yangu yote iko kwenye tumbo lake. Nilishindwa kumeza. Watoto wangu wengine waliniona mwendawazimu." Akamtazama mama machoni. "Halafu nikaja ukumbini. Wote wanasema kwao kulikuwa sawa, kwao kulikuwa sawa. Ukasimama wewe ukasema kuku wawili. Watu wanapiga kelele, wanarusha viatu, na mimi nimekaa pale nacheka na kulia. Siku ile nilirudi nyumbani nikala."

Kisha mama mkwe, jamani, yule mwanamke asiyejua kumwongopea mtu hata kwa kumfariji, akatikisa kichwa.

"Mama, sitaki kukudanganya. Mimi sijui kama alikula. Ninachojua ni kwamba nilimpelekea, na kilikuwa cha moto."

Mgeni akapangusa macho kwa kiganja, akatabasamu kama mtu anayemjua mwanawe vizuri kuliko tume yoyote duniani.

"Kuku?" akasema. "Alikula."